Tachipadi haikuwa na kosa: uchambuzi wa laptopu iliyobadilishwa spea isiyo mbovu

Lalamiko lenyewe lilikuwa jepesi: tachipadi, kile kibao cha kuongozea mshale chini ya kibodi, haibofyi. Mshale unatembea vizuri kwenye skrini, vidole viwili vinapandisha na kushusha ukurasa kama kawaida, lakini ukibonyeza ile kona ya chini kushoto hakuna kinachotokea. Laptopu hiyo ilipofika kwangu ilikuwa imeshapita mikononi mwa mafundi wawili, imepigwa Windows upya, imewekewa tachipadi mpya, na mwenyewe alikuwa ameshaanza kutumia mausi ya waya huku akipiga hesabu za kununua mashine nyingine. Yote hayo hayakugusa ugonjwa. Kilichokuwa kinaumwa ni betri.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila aliyeigusa laptopu hii alikuwa na sababu yake, na sababu nyingine zilionekana za maana kabisa. Mmoja hata alipima betri, akapata namba nzuri, akaitangaza nzima. Namba zilikuwa sahihi na tangazo likawa la uongo, na hapo ndipo pa kujifunza.

Tuanze na historia ya mashine. Ni laptopu ya inchi 14, ilinunuliwa mpya, ina miaka mitatu na ushei. Mwenye nayo ni mfasiri anayefanyia kazi nyumbani. Mezani kwake laptopu hukaa imefunikwa, imeunganishwa na monita kubwa na kibodi ya nje, na chaja haichomolewi Jumatatu hadi Jumapili. Kwake laptopu ilishageuka kompyuta ya mezani; tachipadi yenyewe aliigusa siku za kutoka tu. Nilipomuuliza mara ya mwisho kutumia betri ilikuwa lini, alicheka.

"Fundi, betri yangu mimi naitunza. Siimalizi ovyo."

Jibu hilo lingemtia wasiwasi fundi yeyote anayezijua betri za lithiamu.

Fundi wa kwanza aliletewa malalamiko mawili kwa pamoja: tachipadi, na kwamba umeme ulipokatika laptopu haikukaa muda mrefu kama zamani. Hilo la pili alilishughulikia vizuri. Alifungua dirisha la kuandikia amri la Windows, akaandika powercfg /batteryreport, na mashine ikatoa ripoti. Mwenyewe alikuwa bado na picha yake kwenye simu. Uwezo wa betri ilipotoka kiwandani: miliwati-saa 45,600. Uwezo wake ikijaa sasa: 36,100. Mizunguko ya chaji: 61. Gawanya 36,100 kwa 45,600 upate kama asilimia 79. Kwa betri ya miaka mitatu hiyo si alama mbaya, na mizunguko 61 ni kidogo mno. Fundi akahitimisha kwamba betri bado changa, basi tatizo la tachipadi litakuwa la programu. Akaondoa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia tachipadi, na kuirudisha. Haikusaidia. Akapiga Windows upya. Haikusaidia, ila mafaili yalibaki salama kwa kuwa mfasiri huyu ana tabia njema ya kuweka nakala mahali pengine.

Ripoti ile ni kitu kizuri, na kila mwenye laptopu ya Windows anapaswa kuijua. Haigharimu chochote wala haihitaji programu ya kupakua. Mwenye Mac atazikuta taarifa kama hizo kwenye Taarifa za Mfumo, sehemu ya umeme. Anayetumia Linux atazipata kwa amri ya upower. Lakini soma kinachopimwa. Inapima umeme uliobaki na mara ulizoutumia. Haina jicho la kuona unene wa betri. Betri inaweza kushika asilimia 79 ya uwezo wake na wakati huohuo ikawa imefura kiasi cha kusukuma kava.

Na ile mizunguko 61 ndiyo iliyompotosha zaidi. Mzunguko mmoja ni umeme sawa na asilimia 100 uliotoka kwenye betri, hata kama umetoka kwa vipande: nusu leo, nusu kesho, huo ni mmoja. Betri nyingi za laptopu hutengenezwa zivumilie mizunguko kati ya 300 na 1,000 kabla ya kupoteza sehemu kubwa ya uwezo. Kwa hesabu hiyo betri yetu ilikuwa haijaanza hata kufanya kazi. Tatizo ni kwamba betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Huzeeka kwa kutumiwa, na huzeeka kwa kukaa tu. Njia ya pili hukimbia mambo mawili yakikutana: betri kuwa imejaa pomoni, na kuwa mahali pa joto. Mita ya mizunguko haihesabu lolote kati ya hayo.

Betri ya laptopu huundwa na seli kadhaa, na ndani ya kila seli kuna kimiminika kinachopitisha ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ni mchanganyiko wa kemikali za kaboni na chumvi ya lithiamu. Seli ikijaa inakuwa na volti 4.2, na nyingi za kisasa hufika hadi karibu 4.4. Kwa volti hizo kimiminika hakitulii. Kinavunjikavunjika polepole kinapogusana na kuta za ndani, na baadhi ya vinavyotokana na mvunjiko huo ni gesi, kaboni dioksaidi ikiwemo. Ongeza joto, mvunjiko unaongeza kasi. Sasa chukua laptopu iliyofunikwa, inayofanya kazi saa nane au kumi kwa siku, feni yake inatoa pumzi ya moto karibu na bawaba huku skrini imeiziba, na betri imeshikiliwa kwenye asilimia 100 miaka mitatu. Dada yetu hakuitunza betri. Aliipika kwa moto mdogo.

Laptopu za zamani zenye betri nene za kuchomoa nyuma hazikuwa na vituko hivi, kwa sababu ndani yake kulikuwa na seli za mviringo zenye gamba la chuma, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Gamba hilo huzuia shinikizo, na likizidi kuna tundu la usalama. Mashine zilipoanza kuwa nyembamba, watengenezaji wakahamia seli bapa zilizofungwa kwenye kifuko cha karatasi ya alumini na plastiki. Kifuko hakina nguvu ya gamba. Gesi ikizaliwa haina pa kwenda, kifuko kinatuna, na kinasukuma kilicho jirani.

Jirani, katika laptopu nyingi, ni tachipadi. Betri hulala sehemu ya mbele ya mashine, chini ya pale tunapoegemeza viganja. Tachipadi ya aina hii imeshikwa ukingo wa juu, na ukingo wa chini unashuka ukiubonyeza mpaka uguse swichi ndogo. Safari hiyo haifiki hata milimita 1. Betri ikipanda kidogo tu kutoka chini, tachipadi haina pa kushukia, basi haibofyi. Ikipanda zaidi, swichi hubaki imebonyezwa muda wote na mshale huanza kuburuta mafaili wenyewe, jambo ambalo wengi hulidhania ni kirusi.

Hapa kuna jaribio ambalo fundi wa kwanza angelifanya kwa sekunde tano kabla ya kugusa Windows. Zima laptopu kabisa. Bonyeza tachipadi. Kama husikii wala kuhisi ule mlio mdogo wa "tik", hakuna draiva duniani itakayourudisha, maana laptopu iliyozimwa haina programu inayoendesha chochote. Isipokuwa zile tachipadi zisizosogea, ambazo hubofya kwa mtetemo wa umeme, kama za MacBook nyingi tangu 2015. Hizo zikizimwa huwa kimya hata zikiwa nzima.

Nilipoipokea nilianza na meza. Laptopu iliwekwa juu ya kioo cha meza, nikagusa kona moja kwa kidole, ikabembea. Nikachukua rula ya chuma nikaisimamisha kwa ukingo wake juu ya sehemu ya viganja, kuvuka tachipadi: katikati rula iligusa, na pembeni zote mbili mwanga ulipenya. Ukiinama usawa wa meza na kutazama ubavuni, mshono kati ya kava la juu na la chini ulikuwa umeachama upande wa mbele, na nyuma karibu na bawaba umebana vizuri. Nikazima mashine, nikabonyeza tachipadi: kimya.

Kisha nikaigeuza kuhesabu skrubu. Matundu yalikuwa kumi, skrubu nane. Mbili zilizokosekana zote zilikuwa ukingo wa mbele, katikati, chini kabisa ya tachipadi.

Hizo skrubu mbili ndizo zilizobadilisha kisa hiki kutoka ubovu wa mashine na kuwa suala la haki ya mteja, kwa hiyo tukae nazo kidogo. Fundi wa pili ndiye aliyebadilisha tachipadi. Kwenye laptopu ya muundo huu, skrubu zinazoshika tachipadi zimefunikwa na betri. Huwezi kuzifikia bila kuitoa betri, au angalau kuilegeza na kuinyanyua. Maana yake fundi huyo aliiona betri kwa macho na kuishika kwa mikono. Anaweza kusema hakujua kwamba seli nzima huwa bapa. Lakini mtu anayesahau skrubu husahau moja, tena popote. Mbili za ukingo mmoja, palepale penye uvimbe, zinaachwa na mtu aliyejaribu kufunga kava likakataa, akaona bora liachame. Mimi nasoma hivyo: aliuona uvimbe, hakusema, akatoza tachipadi.

Tachipadi mpya ilifanya kazi wiki chache, na hilo lilimpa mteja imani kwamba spea ilikuwa ndiyo dawa. Sababu yake nyepesi. Kava lililolegezwa liliipa betri nafasi ya kutunia kuelekea chini, tachipadi ikapata tena ile milimita yake. Gesi ikaendelea kuzaliwa, nafasi ikaisha, ubovu ukarudi vilevile. Mteja akarudi kwa fundi huyo, akaambiwa "hizi tachipadi za siku hizi hazidumu".

Nilipoondoa skrubu zilizobaki, kava la chini lilinyanyuka lenyewe upande wa mbele. Ndani kulikuwa na seli tatu zimelala sambamba. Za pembeni zilikuwa zimeanza kutuna. Ya katikati ilikuwa na mgongo kabisa; karatasi yake ya fedha imenyooka na kung'aa, haina hata mkunjo mmoja, na plastiki nyeusi inayozifunga seli pamoja ilikuwa imepasuka upande.

Swali ambalo kila mtu huuliza hapo: ingelipuka? Betri nyingi zilizofura haziwaki moto. Hutuna, zikakaa hivyo miezi, zikasumbua tachipadi mpaka zitolewe. Lakini seli iliyotuna imepoteza mpangilio wake wa ndani, na kinachotenganisha pande mbili ni utando mwembamba sana. Ikitobolewa, ikikunjwa au ikibanwa kwa nguvu, pande hizo hugusana, joto hupanda lenyewe kwa kasi isiyozuilika, na moshi wake una gesi za sumu, haidrojeni floraidi ikiwa mojawapo. Kwa hiyo usiigandamize irudi bapa, usikaze skrubu kwa nguvu ili kava lifunge, na usitoboe kifuko "kutoa hewa". Hilo la kutoboa nimeona likishauriwa kwenye video, tena na mtu aliyevaa glovu kana kwamba glovu zingemsaidia kitu. Ukigundua betri imefura, chomoa chaja, hifadhi nakala ya kazi yako kama bado hujafanya, zima mashine, na usiichaji tena.

Zipo pia betri ambazo ni mbovu tangu kiwandani. Agosti 2006 Dell iliita irudishwe betri takriban milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony, kwa sababu ya chembe za chuma zilizobaki ndani ya seli. Juni 2019 Apple iliita MacBook Pro za inchi 15 zilizouzwa zaidi kati ya Septemba 2015 na Februari 2017, kwa sababu betri zake zingeweza kupata joto kupita kiasi. Katika matukio kama hayo mtengenezaji hubadilisha betri bure, hata waranti ikiwa imekwisha. Ndiyo maana kabla ya kulipia betri mpya inafaa kuingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji. Tulifanya hivyo, ya kwetu haikuwamo.

Waranti nayo haikusaidia, ila tulipoisoma upya kuna kitu kilijitokeza. Mteja alilipia nyongeza ya waranti ya miaka mitatu akiamini inafunika kila kitu. Karatasi ilisema mashine miaka mitatu, betri mwaka mmoja. Hii ni kawaida sana katika biashara ya laptopu, kwa kuwa betri huhesabiwa kuwa kitu kinachochakaa, na kupungua kwa uwezo hakuhesabiwi ubovu. Unaponunua waranti ya ziada, usiulize ni ya miaka mingapi. Uliza betri na chaja zimeandikiwa nini, halafu usome mwenyewe mstari huo.

Huduma kwa wateja ya mtengenezaji ilimwambia aitume laptopu kwa kampuni ya vifurushi, atatengenezewa kwa malipo. Hakuna aliyemuuliza betri ikoje. Betri ya lithiamu iliyoharibika au kufura hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, iwe ndani ya mashine au nje, na kampuni za vifurushi hutaka utamke kilichomo. Angeituma bila kusema, angekuwa ameweka hatari kwenye mzigo wa watu wengine bila yeye kujua. Ukiambiwa utume mashine yenye dalili hizi, sema kwa maandishi kwamba betri imefura na uulize utaratibu wao ni upi. Jibu lao lihifadhi.

Tukaamua betri ibadilishwe hapohapo. Kutafuta betri ndiko kunakowapoteza wengi, kwa sababu watu hutafuta kwa jina la laptopu. Laptopu ya jina moja inaweza kuwa ilitoka na betri mbili tofauti: fupi ya seli tatu kwa mashine zilizoachiwa nafasi ya diski ya inchi 2.5, na ndefu ya seli nne kwa zisizo nayo. Volti zake hazilingani, plagi pengine hazilingani, na matundu ya skrubu hayalingani. Kinachotafutwa ni namba ya spea iliyochapwa kwenye betri yenyewe, pamoja na volti. Yetu ilikuwa ya volti 11.4 na miliampia-saa 4,000. Miliampia-saa 4,000 ni ampia-saa 4; zidisha 11.4 kwa 4 upate wati-saa 45.6, namba ileile ya miliwati-saa 45,600 iliyokuwa kwenye ripoti ya Windows. Lebo ya kweli huwa inakubali hesabu hii.

Muuzaji wa kwanza alitupa betri ya umbo lilelile, volti zilezile, lebo imeandikwa miliampia-saa 6,000, na kwa maneno yake "hii ni ya nguvu zaidi". Hesabu yake inatoa wati-saa 68.4. Hakuna namna ya kuongeza nusu nzima ya nguvu ndani ya umbo lilelile na uzito uleule. Lebo ilikuwa imepambwa. Betri ya kopi inayokiri uwezo wake naweza kuivumilia, maana zipo zinazofanya kazi vizuri. Inayodanganya kwenye lebo siigusi, kwa sababu aliyedanganya uwezo hatashindwa kubania kwenye ulinzi wa joto na wa chaji. Tarehe ya kutengenezwa nayo tuliitazama. Betri halisi iliyokaa ghalani miaka minne imekuwa ikizeeka muda wote huo, hata kama boksi halijafunguliwa.

Ufungaji wenyewe hauna mengi. Plagi ya betri kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya mashine, huchomolewa kwanza kabisa, kabla ya kugusa kitu kingine. Seli hazibanduliwi kwa bisibisi. Ni kadi ya plastiki, na penye gundi matone ya spiriti na subira. Yetu ilishikwa kwa skrubu, bahati nzuri. Mtindo wa kugundisha betri umekera watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umetunga sheria: kuanzia 18 Februari 2027 vifaa vingi vinavyouzwa huko vitatakiwa kuwa na betri ambayo mtumiaji mwenyewe anaweza kuitoa na kuibadilisha. Hilo likitekelezwa sawasawa, mashine hizohizo zitauzwa kwingine pia, maana kutengeneza miundo miwili ni gharama.

Betri ya zamani haitupwi kwenye pipa la taka. Lori la taka hugandamiza mzigo, na huko ndiko moto mwingi wa betri unakoanzia. Ilizibwa vituo vyake kwa selotepu, ikawekwa kwenye chombo cha chuma nje ya nyumba mbali na vitu vinavyowaka, kisha ikapelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Baada ya hapo tuliingia kwenye mipangilio, na hapa ndipo mteja alipokasirika kwa mara ya kwanza. Laptopu yake ilikuwa na uwezo wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 tangu siku ya kwanza. Ulikuwa umefichwa ndani ya programu ya mtengenezaji, na hakuna aliyemwambia. Watengenezaji wengi wakubwa wanao mpangilio huu, kwa majina tofauti: wengine kwenye programu yao, wengine kwenye bayosi (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows), wengine wanakupa kuchagua 60 au 80. Kwa mtu ambaye laptopu yake haichomolewi chaja, asilimia 80 ndiyo mahali pa kuiacha; siku ya safari unaondoa kizuizi usiku wake, betri inajaa, unaondoka. Laptopu isiyo na mpangilio huo ichomolewe mara mojamoja, ishuke hadi 40 hivi ndipo ichajiwe tena. Kuimaliza mpaka izime hakuna faida yoyote. Hiyo ilikuwa ni kanuni ya betri za nikeli, ilikufa na zama zake, ila ushauri wake bado unatembea. Kingine tulichobadilisha ni kifuniko: sasa laptopu inakaa wazi, imenyanyuliwa kidogo kwa nyuma, na skrini yake inaonyesha kamusi.

Ikabaki kesi ya mafundi. Fundi wa kwanza sikuona sababu ya kumdai chochote kwa kupima betri na kurudisha draiva. Alifanya kazi hizo kweli. Kupiga Windows upya kabla ya kubonyeza tachipadi mashine ikiwa imezimwa ni uvivu wa kufikiri, lakini mteja aliulizwa akakubali. Wa pili ni habari nyingine. Tulimwandikia barua fupi isiyo na matusi: tarehe ya kazi, namba ya risiti, picha ya seli ya katikati ikiwa kando ya rula, picha ya matundu mawili yasiyo na skrubu, na swali moja, kwamba aeleze aliwezaje kuifikia tachipadi bila kuitoa betri. Hatukumwita mwizi. Swali hilo moja lilitosha, kwa sababu halina jibu zuri.

Alirudisha pesa ya ufundi. Ya spea alikataa, akidai tachipadi ya zamani nayo ilikuwa mbovu. Hapo tulikwama, maana ya zamani haikuwepo ipimwe: hakuirudisha, na mteja hakuiomba. Ombi la "nirudishie kilichotolewa" likisemwa wakati wa kuacha mashine hubadilisha kabisa namna fundi anavyoamua kama kitu ni kibovu. Angeirudisha, tungeichomeka baada ya betri kutoka, na kwa maoni yangu ingebofya.

Sehemu ya viganja haikunyooka yote. Plastiki iliyokaa imepinda miezi mingi huzoea umbo hilo, na ukiiweka rula leo bado utaona uzi wa mwanga upande wa kulia. Muuzaji wa betri alipendekeza tubadilishe kava lote la juu pamoja na kibodi. Nilimwambia mfasiri aachane nalo. Kibodi inaandika herufi zote, mshono wa mbele umefunga, skrubu zote kumi zimo, na tachipadi inabofya kila kona. Hicho kipande hakina kinachokidai isipokuwa macho.